Mawaridi ya Kaneza

Jirani yetu Pierre-Claver Hatungimana alikuwa seremala wa vitanda. Ukipita njia ya kwenda bandarini hapa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, ungemkuta chini ya bati lake, penseli sikioni, anapiga randa ubao huku vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. Alikuwa Mrundi. Alivuka ziwa mwaka ule wa ghasia za kwao, akakaa kambini na mke wake Kaneza, halafu wakatoka kambini wakaja kuishi upande wa pili wa ukuta wetu. Pole pole akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na baraza. Hawakujaaliwa mtoto. Walikuwa wawili tu, na waliishi kama watu waliozoeana sana: Claver akianza maneno, Kaneza anayamaliza, na mara nyingi anayamaliza tofauti na vile Claver alivyotaka.

Mimi naitwa Chérie. Nasuka nywele nyumbani, kwenye kivuli cha ukuta unaotazama kwa Claver. Mama yangu, Émilienne, anauza ndakala kavu, vile visamaki vya ziwani kama dagaa, na kulima lengalenga, mchicha wetu, nyuma ya nyumba. Habari hii naijua tangu mwanzo wake kwa sababu kazi yangu ni ya kukaa mahali pamoja kutwa nzima, mikono ina shughuli, masikio hayana.

Kaneza alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita vya zamani. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kilichonyooka. Sisi tunasema "batoto", yeye anasema "watoto". Sisi tunasema "unakuya lini", yeye anasema "utakuja lini". Wateja wangu walimwita Mama Redio, na yeye hakuchukia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka, anayependa kukusimamisha njiani akuulize umekula nini.

Siku moja habari ilifika kutoka Matana, kule milimani Burundi, ambako mama yake alirudi kuishi baada ya Kigoma. Mzee huyo alikuwa ameanguka kando ya kisima na hakuweza tena kusimama. Kaneza ndiye binti pekee aliyebaki. Akafunga mfuko wake. Alisema ataenda miezi michache, mpaka mama apate nguvu, halafu arudi.

Asubuhi ya kuondoka alisimama katikati ya uwanja, pikipiki ikimngoja barabarani. Uwanja wao ulikuwa mchanga mtupu, umefagiliwa vizuri, na upepo wa ziwa ulikuwa umetawanya maranda ya mbao kila upande. Rangi yake ilikuwa kama majivu. Kaneza akautazama kama mtu anayetazama kitu kwa mara ya kwanza.

"Claver," akasema, "nikirudi nisiukute uwanja huu hivi. Umekaa kama uso wa mgonjwa. Nitafutie rangi."

Claver akamuuliza rangi gani. Pikipiki ikapiga honi. Kaneza akamshika mkono, akamwambia wataongea kwenye simu, akaondoka.

Basi wakaongea kwenye simu, na sisi wote tukasikia. Simu ya Claver ilikuwa imejaa vumbi la mbao, sehemu ya kuwekea sikio ikafa. Ilibaki ile sauti kubwa tu ya kusikika hadi nje. Tena kwake mtandao haukushika vizuri. Ulishika pale ukutani kwetu. Kila jioni alikuja na kigoda chake, anaweka simu juu ya ukuta, na Mama Redio anaanza kuongea kutoka milimani huku mimi nikimalizia kichwa cha mtu. Mwanzoni alituomba radhi. Baadaye akazoea, na sisi tukazoea, hata wateja wengine wakawa wanachagua kuja saa ile.

Habari ya mama mgonjwa ilikuja kwanza kila mara: amekula uji, hajalala, mguu umevimba. Kisha wakaingia kwenye rangi. Claver alifikiria ile miti ya maua mekundu ya kupanda ukutani, ambayo huota bila kuulizwa. Kaneza akakataa. Akasema alipokuwa mtoto kulikuwa na hospitali ya wamisionari jirani na kambi, na mbele ya wodi palikuwa na mawaridi. Wakati wa kungoja dawa alikuwa anapita mbele ya kila moja kulinusa, mpaka mlinzi amfukuze.

"Nataka waridi," akasema. "Hayo mengine ni majani yaliyojipaka rangi."

Mama yangu alicheka sana jioni ile. Aliona ni ajabu mtu mzima kupoteza maji kwa kitu kisicholiwa. Akamshauri Claver apande muhogo, au kama anataka rangi apande pilipili, ambayo ni nyekundu vilevile na inaingia kwenye mchuzi. Claver akamsikiliza kwa heshima, maana alikuwa mtu wa heshima, na kesho yake alfajiri akaenda parokiani.

Waridi la parokia wote tunalijua. Ni la rangi ya waridi hafifu, maua yake madogo yamejaa petali na huchanua kwa mafungu. Watoto wa komunyo ya kwanza huwekewa nywelani. Sista mmoja alimruhusu kukata. Akachagua matawi ya unene wa penseli yake, akayakata mshazari, akayaondoa majani ya chini, akayachomeka kwenye kivuli cha baraza, udongo umechanganywa na mavi makavu ya mbuzi wetu. Kila kijiti akakifunika na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Ukiangalia toka kwetu ungedhani anaotesha chupa.

Kaneza hakufurahi. Alisema ile rangi ni ya ubatizo, haina nguvu, ukiwa mbali huioni. Iwe ya kuanzia tu, alisema, lakini mlangoni anataka kitu kinachoonekana na mtu akiwa bado barabarani. Mlangoni nyekundu. Chini ya dirisha njano. Hiyo ya ubatizo ikae kando ya choo.

Ndipo ikaanza kazi ya kuchagua, na kuchagua kwa maneno kitu ambacho mwenzako hakioni si kazi ndogo. Claver angesema nyekundu, Kaneza angeuliza nyekundu ya namna gani, ya nyanya au ya damu au ya mafuta ya mawese. Claver, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, alikaa pale ukutani anatafuta la kusema. Wateja wangu walimsaidia. Mmoja, mke wa mvuvi, kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa, alisema nyekundu nzuri ni ile iliyokaribia kuwa nyeusi. Mwingine akasema hiyo ni ya msiba. Wakabishana mpaka Kaneza kule Matana akawa anasikia kila neno na kucheka, na Claver akatazama simu ile kana kwamba inatoa joto.

Nyekundu ilipatikana kijiji cha Lweba. Mtu mmoja aliyekuja kuchukua kitanda alimwambia kuna mzee huko, Néhémie, Mubembe, mtu wa kabila la huku, ambaye uwanja wake una waridi jekundu lenye shina nene kama mkono. Claver akachukua pikipiki siku ya Jumapili baada ya ibada. Alichokikuta huko alitusimulia mwenyewe alipofika, amekaa kwenye kigoda bila kuvua kofia.

Mzee Néhémie alimkaribisha, akampa kiti, lakini aliposikia habari ya kukata tawi akakataa. Alisema hilo waridi alilipanda marehemu mke wake na hakuna kisu kilicholigusa tangu azikwe. Claver hakubisha. Alikaa tu, akalitazama. Lilikuwa jekundu zito, maua makubwa, linaegemea ukuta wa udongo na kuupita kwa juu. Mwishowe mzee akamuuliza analitaka kwa ajili ya nani.

"Juu ya bibi yangu," Claver akajibu, akimaanisha mke wake.

"Alikufa?"

"Hapana. Iko ku mama yake, Burundi. Atarudi."

Mzee akafikiri. Halafu akasema neno ambalo Claver alilirudia mbele yetu mara mbili, kwa sauti ileile ya mzee: "Mi nilijua hii maua ye akisha kufa. Mbele ya pale nilikuwa naona miiba tu. Ule wako iko muzima, na uko unamupandia?"

Akainuka, akaleta panga lake mwenyewe, akakata matawi manne. Hakukubali zawadi. Alimwomba tu kwamba mke akirudi, wapite wote wawili wamsalimie.

Matawi ya Lweba yaliota. Si yote, lakini lile alilolipanda mlangoni lilishika. Lingine mbuzi wetu alilila, na mama yangu, kwa aibu, akamfunga yule mbuzi na akajitolea kumsukia Claver uzio wa matete. Tangu siku ile nadhani ndipo alianza kujali, ingawa midomo iliendelea kusema pilipili.

Njano ilichelewa. Hapa kwetu haikuwepo. Claver aliulizia Uvira, aliulizia kwa wanawake wa sokoni, aliulizia hata kwa madereva wa malori. Dereva mmoja, Lionel, alimletea mche kutoka Bukavu ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, wakati ule barabara ilikuwa bado inapitika kwa shida. Bukavu kuna baridi, maua ya kila aina hustawi. Mche ulikuwa na tumba moja limefumba, na ncha yake imeanza kuonyesha rangi.

Lilichanua wiki ileile. Mimi sijali maua sana, lakini lile lilinifanya niache chanuo kwenye nywele za mtu na kusimama. Lilikuwa njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na ukingo wa kila petali uligeuka kidogo kuelekea chungwa. Chini ya dirisha lile, mbele ya mchanga ule, lilionekana kama mtu ameacha taa inawaka mchana. Claver akanituma nilipige picha kwa simu yangu na kumtumia Kaneza kupitia jirani yake mwenye simu ya picha. Jioni Kaneza akapiga, hakuanza na habari ya mama.

"Ndilo lile," akasema. "Ndilo. Lile la wodi ya watoto. Ulijuaje?"

Claver akasema hakujua. Akasema alitafuta tu. Akauliza mama anaendeleaje, na lini Kaneza anaweza kufikiria safari. Kaneza akajibu kwamba mama bado, na safari bado.

Hiyo "bado" tuliisikia kwa miezi mingi. Kiangazi kikaingia. Jua la Baraka mwezi wa saba si la mchezo. Mchanga unakuwa wa moto mpaka kuku wanatembea pembeni mwa nyumba. Claver alikuwa anaamka kabla ya jua, anakwenda bombani na bidoni mbili za kuchotea maji, anamwagilia kila shina taratibu kwa kopo, chini kabisa, bila kulowesha majani. Alizika vichwa vya samaki kwenye mizizi kwa sababu mtu alimwambia vinalisha, mbwa wakavifukua, akavizika tena na kuweka jiwe juu. La parokia lilivumilia. La Lweba lilikunja majani yake mchana na kuyafungua jioni. La njano lilianza kukauka toka juu.

Alilitengenezea kivuli cha gunia. Alilihamisha. Alilirudisha. Asubuhi moja nilimwona amelichutamia, anakwangua gome kwa ukucha kutafuta kijani ndani yake. Alikwangua mpaka chini. Halafu akaling'oa, akabaki amelishika, kile kijiti chepesi, kama mtu aliyepewa kitu asichojua pa kukiweka.

Jioni simu ikaita. Kaneza akauliza habari ya njano. Claver akatazama ukuta.

"Iko," akasema. "Iko mazuri."

Mimi na mama tulitazamana. Hatukusema kitu siku ile, wala iliyofuata. Lakini kila jioni Kaneza aliuliza, na kila jioni lile waridi lililokufa liliongezeka: likapata matumba mapya, likafika kwenye kizingiti cha dirisha, likaanza kunukia mpaka ndani. Claver, mtu wa maneno machache, alijikuta ana maneno mengi kwa ajili ya ua lile ambalo halikuwepo. Alilieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza yale yaliyokuwepo. Nilimsikiliza nikaona kwamba hakuwa anamdanganya tu. Alikuwa pia analiona.

Mama ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alimsubiri akate simu, akamwita kwa jina lote.

"Pierre-Claver, unamudanganya bibi yako ju ya nini?"

Claver akasema, "Mama Chérie, nikimuambia ilikufa, iko kitu gani ingine ya kumurudisha?"

Mama aliingia ndani, akatoka na sahani ya ugali na ndakala, akamwekea juu ya ukuta, karibu na simu. Claver akala kidogo, akashukuru, akaenda kwake.

Lakini maneno ya mama yalimkaa. Jumapili iliyofuata Kaneza alipopiga, Claver hakungoja kuulizwa. Nilikuwa peke yangu pale, sina mteja, nachambua nyuzi za kusukia. Nilitaka kuondoka, akaniashiria nikae, kama mtu anayetaka shahidi.

"Kaneza, ile ya njano ilikufa," akasema. "Jua iliiua. Ni siku mingi. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Upande wa pili nilisikia jogoo, na mtu anatwanga mbali.

"Claver," Kaneza akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya redio tena. "Mama alifariki. Ni siku nyingi pia. Tulimzika kabla ya mwezi wa Ramadhani wa majirani zetu. Sikukuambia."

Claver akainua kichwa. Akamuuliza, pole pole, kwa nini.

"Kwa sababu ungeniuliza narudi lini. Na mimi sirudi, Claver. Nilikaa na mama kwenye nyumba hii, nimelima shamba lake, nimeweka maharage. Nilizaliwa kambini, nikaolewa, nikarudi kambini. Hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo mtu akiniuliza natoka wapi, nanyoosha mkono tu. Nimechoka kuvuka. Kila jioni nataka kukwambia, halafu unaanza kunieleza maua, na mimi nasema acha nisikilize leo tu."

Claver alichukua simu juu ya ukuta, akaishika kifuani kwa mikono miwili, sauti ya Kaneza ikawa inasikika ndani ya shati lake, inaita jina lake. Baadaye alisema maneno machache ya Kirundi ambayo sikuyaelewa. Akakata.

Wiki zile zilizofuata hakuja ukutani. Tulimsikia akipiga randa mpaka giza linaingia. Aliendelea kumwagilia kila alfajiri; tuliona bidoni zake zikipita. La Lweba, kama kwa kumkomoa, lilichanua lote kwa pamoja mvua za kwanza zilipoanguka, maua makubwa mekundu yamejaa mlango mzima hata kuingia ikabidi ainame. Watu waliokuwa wanapita barabarani walisimama. Watu wa harusi moja ya mtaa wa chini walituma ujumbe kuomba maua ya meza, na Claver akawakatia bila neno, akawapa kikapu kizima, kisha akabaki mlangoni anaangalia pale palipobaki wazi.

Mama akamfuata siku hiyo. Alinisimulia baadaye walichoongea. Alimkuta amekaa kwenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe kwa ajili ya Kaneza, kipana, chenye kichwa cha kuchonga, ambacho hakukiuza hata walipokuja wanunuzi wazuri wa kutoka Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu. Claver akamwambia kwamba amejenga nyumba hii kwa mikono yake, na sasa mtaa unamjua, na amani ya kwao hajui kama ni ya kuaminika. Akasema pia kwamba kila akichomoa jani baya anajiuliza anamwonyesha nani.

"Mbele nilikuwa nafikiri maua itamuvuta," akasema. "Kumbe ni ye iko ananivuta."

Mama akamwambia hilo yeye aliliona zamani.

Claver akaenda kujiandikisha na wale wanaorudi Burundi kwa hiari. Kungoja kulikuwa kurefu, na wakati wa kungoja alirudi kukaa ukutani na kigoda chake. Sasa waliongea kwa namna nyingine. Kaneza alimwuliza habari za vifaa vyake vya useremala, kipi atabeba, kipi ataacha. Walitaniana. Jioni moja Kaneza akamwambia achague tawi la kubeba, kwa kuwa mifuko ina kikomo na mikono miwili haitoshi kwa kila kitu. Claver akasema bila shaka atabeba la Lweba.

Kaneza akauliza, "Na lile la ubatizo? Lile nililolifukuza likakae kando ya choo?"

"Lile iko," Claver akasema. "Halijawahi kuacha kutoa maua. Hata jua ile kubwa."

"Niletee hilo."

Asubuhi ya kuondoka alikata vijiti vya parokia, akavifunga kwenye gome la mgomba lililoloweshwa na kitambaa juu yake. Alikuwa amepita Lweba siku moja kabla, peke yake, kumsalimia mzee Néhémie kama alivyoombwa, na kumweleza kwamba mke hakurudi bali mume ndiye anayemfuata. Mzee, alisema, alimshika bega na hakuliachia mpaka pikipiki iliwashwa.

Ufunguo wa nyumba akampa mama. Wakasimama mbele ya mlango, waridi jekundu juu ya vichwa vyao, na mama yangu, ambaye kinywa chake hakijawahi kukosa neno, akamrekebishia kola ya shati na kumwambia tu ale njiani.

Matana ni mbali na ziwa, na ni juu. Simu ya kwanza ilichelewa miezi kadhaa, ikatufikia wakati wa mvua za huko. Claver alikuwa amepata simu ya Kaneza, nzima, na alikuwa anaongea taratibu kama mtu asiyeamini kwamba anasikika. Alifika salama. Wana maharage. Vijiti vyote vimeota, kila kimoja, hata kile alichokivunja njiani. Kaneza akaichukua simu kutoka mikononi mwake akatueleza kwamba ile rangi, huko kwenye baridi, imekolea, siyo ya ubatizo tena, na kwamba watu wa kilimani wanaiita waridi la Baraka. Alifurahi. Ilisikika kwamba alifurahi kweli, na nyuma yake tulisikia Claver anapiga msumari.

Kisha akarudi Claver. Akamuuliza mama habari za uwanja. Mama akamweleza: tumewapangisha walimu wawili, wametulia, la Lweba limepanda juu ya bati, yeye mwenyewe kila alfajiri anapeleka kopo la maji kwa kila shina, na lengalenga zake siku hizi zinangoja zamu. Claver akauliza kama anamwagilia chini, si kwenye majani. Mama akasema chini. Akauliza kama mbwa bado wanafukua. Mama akasema wanafukua.

Mama akahamishia simu mkono wa pili.

"Huku mvua inafanya yote," Claver akasema. "Nikiamuka asubuhi, nakuta udongo umeshalowana. Sina kitu ya kubeba. Nasimama tu pale na mikono mitupu."

"Utazoea," mama akamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Jua ingali kali huko?"

Mama akatazama nje, kwenye mchanga uliokuwa umeanza kung'aa, akamjibu kwamba ingali kali, na kwamba ndiyo kwanza asubuhi.